Sharti la Sita

Sharti la sita la mkataba wetu na waajiri nililiandika mimi. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Yale matano ya kwanza aliyaandika Vaidehi, na yote yalikuwa ya kutudaia heshima: tuitwe kwa majina tuliyojichagulia, tutumie choo cha wanawake bila maneno, tusiulizwe habari za miili yetu, na mengine ya aina hiyo. Nikamwambia, dada, haya yote tunawadai wao, na sisi tunawapa nini? Ndipo nikachukua kalamu nikaandika: "Mfanyakazi aliyeletwa na Osari hatapiga kofi kazini. Akilalamikiwa mara moja tu, ataondolewa siku hiyo hiyo." Nilijiona mjanja kweli kweli. Mteja wetu wa kwanza, mwenye mgahawa kule Dharampeth, alisoma ukurasa wote amekunja uso, alipofika la sita akatabasamu, akatia sahihi.

Osari ni kampuni yetu. Inawatafutia kazi kinnar wa Nagpur, wanawake kama mimi tuliozaliwa tukaitwa wavulana, na inawafundisha waajiri adabu ya kuishi nasi. Vaidehi aliyeianzisha si kinnar. Alikuwa ofisa wa wafanyakazi katika kiwanda cha dawa, akaacha kazi siku bosi wake alipomfukuza mwombaji mmoja getini kabla hajafungua hata bahasha yake. Mwombaji huyo alikuwa mimi. Vaidehi alinikimbilia barabarani na viatu vyake vya kisigino, akaniambia, "Subiri, tutafanya jambo." Tumekuwa tukilifanya kwa miaka sita.

Sasa kuhusu kofi. Kofi letu si makofi ya kumshangilia mgeni rasmi. Viganja vinakutana bapa, vidole vimetawanyika, na mlio wake unakata kelele za soko zima. Ndilo hodi yetu, tusi letu na kicheko chetu. Watu wakilisikia mlangoni wanajua tumekuja kubariki mtoto au arusi, na kwamba hatuondoki mikono mitupu. Ndiyo maana waajiri wanaliogopa kuliko moto.

Mafunzo nayaendesha mimi. Wiki sita, mikono mapajani. Ukifurahi, mapajani. Ukitukanwa, mapajani. Mtu aliyepiga kofi tangu ana miaka kumi na minne haachi kirahisi, mkono unaruka wenyewe, lakini nimewaachisha mia na zaidi. Mimi mwenyewe sikuwa nimepiga hata moja tangu nilipotoka nyumbani kwa Kasturi, na hiyo ni miaka kumi na moja.

Kasturi ndiye aliyekuwa guru wangu. Alinipokea nikiwa na kaptula ya shule na jicho lililovimba, akanipa jina hili la Mrunal, akanifundisha kufunga sari, kucheza, kubariki. Kofi alinifundishia juu ya paa, akinishika vidole kimoja kimoja. "Vipanue! Unaogopa hewa itapita?" Nilimpenda kuliko mama aliyenizaa, na bado nilimtoroka, kwa sababu nilitaka kazi ya mezani na yeye alisema kazi ya mezani si ya watu wetu. Kumtoka guru bila ruhusa kuna adhabu yake. Alituma habari nyumba zote: Mrunal asipewe maji. Na kweli, kwa miaka kumi na moja hakuna nyumba ya kinnar Nagpur iliyonipa hata glasi.

Mwezi Februari akapanda ngazi za ofisi yetu. Nilisikia fimbo kwanza, halafu kuhema, halafu matusi kwa aliyejenga ngazi. Akasimama mlangoni, mzito, nywele zimekuwa nyeupe kwenye mapaji, hina imekolea kwenye kucha.

"Ndiwe bibi mkubwa wa hapa?" akauliza.

"Ndimi, Guru."

"Umenenepa."

"Na wewe pia, Guru."

"Mimi nina haki, nina miaka hamsini na minane." Akajitupa kwenye kiti cha wageni. "Magoti yamekufa, mwanangu. Sokoni siwezi kuzunguka kuomba, kwenye treni ndiyo kabisa. Watoto wa nyumba wote wamehamia kwa guru Razia, ana gari na simu mbili. Mimi nimebaki na paka. Nasikia unagawa kazi za kukaa."

Nilibaki nimesimama nyuma ya meza. Akasema, "Unangoja nini? Nipe maji."

Nilimletea kwa mikono miwili. Akanywa yote, taratibu, akarudisha glasi. Miaka kumi na moja ikaishia pale. Nilikwenda stoo nikalia kati ya maboksi ya karatasi, na sioni aibu kusema hivyo.

Kumfundisha ilikuwa balaa. "Mikono mapajani, Guru," namwambia mbele ya darasa zima, na yeye anajibu, "Mapajani kwa nani?" Darasa linaanguka kwa kicheko. Kila akicheka mikono inapaa, nami naikamata hewani kama mtu anayekamata kuku. Ile mikono ndiyo iliyonifundisha. Siku moja aliacha kucheka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe hulipigi kamwe? Hata peke yako?" Nikamwambia kamwe. Akatikisa kichwa, akaweka mikono yake mapajani, na toka siku ile haikuinuka tena.

Tukampatia kazi ya kuendesha lifti katika hospitali moja kubwa ya binafsi. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti kirefu, kubonyeza namba na kuuliza watu wanakwenda wapi. Alikipenda kile kiti jamani! Alikishonea mto mwekundu. Kila jioni alinipigia simu: "Leo nimepandisha watu mia nne mbinguni na kuwarudisha, na mimi sijapanda ngazi hata moja." Akaanza kuwajua wagonjwa kwa majina, akawa anawauliza habari za choo na usingizi. Bila kile kiti alikuwa na barabara tu, na barabara asingeiweza tena. Nilijua hilo kila simu ilipolia.

Hospitali ile ina matawi katika miji sita. Baada ya mwezi mmoja mkurugenzi, Bwana Khanzode, akatuita. Watu wetu kumi na wawili pale walikuwa hawajalalamikiwa hata mara moja, na bodi ilikuwa tayari kuchukua mia moja na themanini: Amravati, Akola, Raipur, Jabalpur, Indore, Bhopal. Vaidehi hakulala siku tatu. Katika miaka sita tulikuwa tumeajirisha mia moja na kumi na nne tu, tena kwa kubisha mlango mmoja mmoja.

Siku ya kutia sahihi ilikuwa katikati ya Mei, joto la kupasua fuvu. Chumba cha mikutano kiko ghorofa ya tatu, ukuta kwa ukuta na wodi ya wazazi. Nilipanda kwa lifti ya Kasturi. Alikuwa amevaa sari ya rangi ya malimau, kitambulisho kifuani. "Ghorofa ya ngapi, bibi?" akanikebehi, halafu akaninong'oneza, "Wabane vizuri. Waambie na feni humu ndani."

Tulikuwa tumefika ukurasa wa nne wa mkataba, umeme ukakatika. Jenereta ikaunguruma nyuma ya jengo, taa zikarudi, Bwana Khanzode akatania habari ya kiangazi, tukaendelea kusoma. Hakuna aliyeifikiria lifti, ambayo jenereta ile haikuifikia. Zikapita dakika kumi, labda kumi na tano.

Ndipo nikalisikia.

Moja. Kisha mawili. Kisha mfululizo, makavu, yakipita kwenye ukuta kana kwamba hakuna ukuta. Mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Niliijua ile mikono. Kalamu ya Vaidehi ikasimama juu ya karatasi, akanitazama, nami nilikuwa nimeshatoka mbio.

Korido ilikuwa imejaa watu wa wodi ya wazazi. Bibi mmoja alikuwa amemfunika mjukuu kwa kanga nzima mpaka kichwa. Mwanamke mwingine alikuwa ameshatoa sinia la mchele na sari mpya, anauliza, "Wako wapi? Wameingia chumba gani?" Baba mmoja kijana alikuwa anapiga kelele kwamba hata hospitalini hawaachi watu wapumue. Nilimpita. Mafundi walikuwa chini, ghorofa ya kwanza, wanagongagonga mlango wa chuma, maana taa ya lifti ilikuwa imezimikia hapo. Nikawapigia kelele kupitia ngazi: "Huku! Iko kati ya mbili na tatu! Fuateni kofi!"

Waliifungua kwa nondo. Ndani mlikuwa na mzee mwenye mtungi wa oksijeni, midomo imeshakuwa ya bluu, na binti yake analia bila sauti. Mtungi ulikuwa umeisha. Kengele ya lifti ilikuwa imekufa pamoja na umeme, simu hazishiki humo, na ngurumo ya jenereta ilimeza mayowe yao. Kasturi alikuwa amemlaza mzee kichwa juu ya ule mto mwekundu, mwenyewe amepiga magoti, yale magoti yake, na viganja vimekuwa vyekundu kama mto. Aliponiona akavificha nyuma mara moja.

Mzee alikimbizwa akapewa hewa. Daktari alisema dakika tano zaidi na tungekuwa tunazungumza mengine. Nilifurahi. Kwa muda wote wa kurudi pale mezani nilikuwa na furaha tupu, kama mjinga.

Kwenye meza nilikuta kitabu cha malalamiko kimefunguliwa. Yule baba kijana alikuwa ameandika mistari mitatu: kwamba hijra, ndivyo alivyotuita, wameachwa waingie wodi ya wazazi kudai zawadi, kwamba kofi limesikika waziwazi, kwamba mke wake ameshtuka. Muuguzi mkuu, Sista Filomina, alikuwa amesimama pembeni na miwani mkononi. Kasturi naye ameitwa, amesimama mlangoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Kwanza kabisa," alisema Bwana Khanzode, "hospitali inamshukuru mama huyu. Tutampa barua. Nimeagiza na shada la maua." Akavua saa akaiweka mezani, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera. "Lakini, Bi Mrunal, kuna sharti la sita."

"Alikuwa anaokoa mtu!"

"Hakuna anayebisha."

"Basi lifuteni. Nililiandika mimi, mimi nasema lifuteni."

"Bodi ilikubali miji sita kwa sababu ya hilo. Nilipowasomea mkataba, hilo ndilo pekee waliloomba nilirudie." Alisema hivyo kwa upole, kama anayenisifu. "Nikianza kulivunja siku ya kwanza, hapa hapa makao makuu, Indore watasemaje?"

Nikamgeukia Vaidehi. Alikuwa analia, lakini mkono wake ulikuwa umenibana goti chini ya meza. "Mrunal," akasema. "Mia moja na themanini."

Nilikuwa nimenasa. Nilizunguka kichwani mwangu kutafuta mlango, na kila mlango niliougusa nilikuwa nimeupigilia misumari mwenyewe. Sharti lilisema mfanyakazi aliyeletwa na Osari. Nikalirudia neno kwa neno. Aliyeletwa. Mimi sikuletwa popote, mimi ni wa ofisini. Nikasimama.

"Aliyepiga ni mimi," nikasema. "Nilitoka, nikasimama koridoni, nikampigia Kasturi ili ajue tumemsikia. Yeye aligonga ukuta tu. Kofi lililosikika wodini ni langu, na sharti halinihusu."

Bwana Khanzode alinitazama kwa matumaini, naapa alikuwa na matumaini, alitaka iwe hivyo. Vaidehi akaondoa mkono gotini kwangu. Kasturi pale mlangoni alifumba macho.

"Mimi nilikuwa wodini," akasema Sista Filomina. "Lile nililolisikia lilitikisa chupa za dripu. Samahani, Bi Mrunal, nikiulizwa nitaandika ukweli. Hebu piga, nilisikie."

"Hapa?"

"Hapa."

Nikainua mikono. Nilifikiri nitalikuta kofi pale nilipoliacha. Nilifikiri kitu ulichofundishwa juu ya paa na mtu uliyempenda hakiwezi kwenda popote. Nikapiga.

Ulitoka mlio wa mtu anayefunga kitabu. Nikapiga tena, kwa nguvu mpaka mabega yakauma, ukatoka ule ule, laini, wa kistaarabu, makofi ya mgeni rasmi. Nikapiga mara ya tatu. Mikono yangu ilikuwa imesahau. Mwalimu wake nilikuwa mimi mwenyewe miaka yote hiyo, na nilifundisha vizuri. Nilisimama mbele yao nikipiga na kupiga, machozi yananitoka, nashindwa kuacha.

"Basi, mwanangu," alisema Kasturi. "Inatosha."

Akatembea mpaka mezani bila fimbo, akainua mikono usawa wa kifua, akapiga moja tu. Glasi za maji ziliruka. Mtoto akaanza kulia upande wa pili wa ukuta, na wa pili akamfuata.

"Ndilo hilo, Sista?"

"Ndilo," alisema Sista Filomina, akavaa miwani yake.

"Andikeni basi. Msimtese mwanangu." Akavua kitambulisho akakiweka juu ya kitabu cha malalamiko. Kwa Bwana Khanzode akasema, "Na wewe baba, tengeneza ile kengele." Akatoka.

Nilitia sahihi. Nataka lieleweke: hakuna aliyenishika mkono. Nilitia sahihi kila ukurasa, pamoja na ule wenye la sita, kwa sababu katika miji sita kulikuwa na watu mia moja na themanini waliokuwa wanaota kiti.

Nilimkuta nje, ameketi kwenye benchi la muuza poha, chakula cha mchele uliopondwa, mbele ya geti, mto mwekundu mapajani, shada la maua limewekwa chini karibu na ndala zake. Nikanunua chupa ya maji, nikaifungua, nikampa kwa mikono miwili. Nilijua hataipokea. Ningekuwa mimi, nisingeipokea, na ningetuma habari nyumba zote kabla ya jua kuzama.

Akaipokea. Akanywa nusu, akajipangusa mdomo, akanitazama vidole.

"Ulivifunga," akasema.

"Nini, Guru?"

"Vidole. Ulivifunga. Nilikwambia siku ya kwanza uvipanue." Akachukua mkono wangu wa kulia, akavitenganisha kimoja kimoja, akaushika hivyo hivyo kwa muda, halafu akauachia. Nikamwitia riksho. Hakutaka nimpeleke.

Kasturi sasa anakaa chumba cha nyuma kwa Razia, mwanamke mwenye gari na simu mbili, anawapikia watoto wa nyumba. Kila wiki natuma mtu kumuuliza kama anahitaji kitu, na kila wiki anajibu kwamba anahitaji magoti.

Julai nilifungua darasa la kwanza Amravati. Wanawake ishirini na tisa, wamevaa vizuri kuliko arusini, wamejaa hofu na manukato. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, na majina, na choo, na heshima. Nilipofika kwenye kofi, mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha kidole. Mnene, mweusi, macho makali, anaitwa Jhumka. Habari husafiri haraka kati ya nyumba zetu.

"Mwalimu," akasema, "lifti ikikwama?"

"Bonyeza kengele."

"Na kengele ikiwa imekufa?"

Ishirini na tisa walikuwa wananitazama. Walikuwa wanajua yote, jina lake, ghorofa, rangi ya mto. Walikuwa wamekuja hata hivyo, kwa sababu nao walitaka kiti. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, nikaisikiliza muda mrefu kuliko inavyofaa mwalimu.

"Mikono mapajani," nikasema.

Wakaiweka. Nami nikaketi mbele yao, nikaweka yangu.